Magitaa Chini ya Mabati: Usiku wa Bendi Tatu za Roki Kansanga

Kiingilio kilikuwa shilingi 20,000 kwa aliyelipa mapema kwa simu na 25,000 mlangoni, na kwa fedha hiyo mtu aliahidiwa bendi tatu za roki za hapa hapa Kampala, kuanzia saa moja jioni. Bendi ya kwanza ilianza kupiga saa tatu kasoro dakika kumi. Nalitaja jambo hili mapema ili nilimalize, kwa sababu mkazi yeyote wa jiji hili anajua kwamba saa ya kwenye tangazo ni saa ya mlinzi kufungua geti, na kwa sababu kero yangu hasa si kuchelewa huko bali ni sauti. Jina la ukumbi sitalitaja. Kasoro nitakazozieleza nilikwisha kumweleza meneja ana kwa ana, naye alizipokea kiungwana, kwa hiyo namwachia nafasi ya kuzirekebisha.

Ukumbi wenyewe uko Kansanga, hatua chache kutoka barabara ya Ggaba, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni ghala la zamani. Dari hakuna, juu ni mabati, ambayo wenyeji wameyafunika kwa trei za mayai zilizobandikwa moja moja kwa gundi, na ukutani nyuma ya mpiga drams wametundika zulia kuukuu lenye alama ya pasi iliyounguza. Nilihesabu viti arobaini na viwili, na waliosimama walikuwa wengi kuliko waliokaa. Trei hizo hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, lakini besi hupenya kana kwamba hazipo, na sikushangaa kuona mwanga ukiwaka katika nyumba ya jirani kila bendi ilipobadilisha wimbo.

Udogo huo, kwa maoni yangu, ndio fadhila kubwa ya mahali hapa. Kampala ni mji wa bendi: Afrigo inapiga tangu mwaka 1975, na mpenzi wa dansi hakosi pa kwenda wikendi. Mashabiki wa roki ni wachache, na ukiwaweka katika bustani ya hoteli wanapotea kama chumvi ziwani. Hapa watu tisini wanajaza chumba, jasho linawatoka pamoja, na mwimbaji anaona uso wa kila aliyemlipa. Ikumbukwe pia kwamba mabaa na kumbi za starehe nchini zilifungwa tangu Machi 2020 hadi tarehe 24 Januari 2022, na baadhi ya kumbi ndogo hazikufunguliwa tena. Anayethubutu sasa kutoa ghala lake kwa vijana wanaopiga nyimbo zao wenyewe, badala ya kuweka meza za pool, anastahili kusamehewa mengi.

Nisilomsamehe ni alivyoitendea bendi ya kwanza. Vijana wanne walipanda jukwaani, wakapiga kwa dakika arobaini, na mpaka leo siwezi kusema walikuwa wakiimba kuhusu nini, wala kwa lugha gani. Kosa halikuwa lao. Katika chumba cha ukubwa ule drams hazihitaji maiki, maana mpigaji mwenye mkono wa wastani husikika mpaka getini. Fundi mitambo alikuwa ameziwekea maiki nne, kisha akaongeza besi ili isimezwe na drams, kisha gitaa la rithim ili lisimezwe na besi, na mwishowe mwimbaji, ambaye koo lake halina kitufe cha kuongezea, akabaki akifungua na kufunga mdomo kama sangara aliyetupwa chini katika mwalo wa Ggaba. Kila alipoongezewa sauti, maiki ilipiga mluzi wa kutoboa masikio, kwa kuwa spika zilikuwa zimepangwa nyuma yake badala ya mbele, zikimwaga sauti ndani ya maiki ileile iliyokuwa ikizilisha.

Nilimfuata meneja wakati wa mapumziko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama meza ya mitambo, akashusha sauti. “Mwalimu, huyu kijana wetu amezoea disko,” akasema. Jibu hilo lilinitosha kuelewa. Muziki wa disko hufika ukumbini ukiwa umekwisha kuchanganywa studio, na kazi inayobaki ni kuongeza na kupunguza. Bendi inayopiga mubashara humtaka fundi aanze na sauti ya mwimbaji, kisha avipangie vyombo vingine nafasi chini yake.

Aliyeuokoa usiku hakuwa fundi bali mpiga drams wa bendi ya pili, dada mwembamba aliyevaa fulana ya timu ya raga. Kabla ya kuketi alitoa taulo dogo mkobani, akalikunja mara mbili, akalilaza juu ya ngoma ndogo. Kisha akazigusa zile maiki nne moja baada ya nyingine, akimwashiria fundi kwa kidole kwamba hii zima, na hii zima, na hii pia. Alibakiza ya ngoma kubwa tu. Wimbo ulipoanza, watu waliokuwa wamesimama nje wakizungumza walirudi ndani, kwa sababu kwa mara ya kwanza usiku ule maneno yalisikika.

Na yalistahili kusikika. Wimbo wao wa tatu ulikuwa wa Kiswahili, unaomhusu abiria aliyekaa ndani ya teksi, yaani basi dogo la abiria, katika kituo cha Old Taxi Park akisubiri ijae, huku kila abiria mpya anayeingia akigeuka kuwa mtu wa konda aliyeketishwa pale kuwavuta wengine. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu mwaka 2005, lakini masikio ya watu wengi wa Kampala bado yanakisikia kama lugha ya askari na vizuizi barabarani, na kicheko cha kwanza ukumbini kilikuwa cha aina hiyo. Walipofika ubeti wa pili kicheko kilikuwa cha abiria. Katikati ya wimbo huo waya wa kwanza wa gitaa la solo ulikatika. Mpiga solo wa bendi iliyokuwa ikisubiri zamu alivua gitaa lake, akalipitisha juu ya vichwa vya watu likiwa na mkanda wake wa kikoi, na mpiga besi akaendelea kuzunguka katika noti zilezile nne mpaka mwenzake alipokuwa tayari. Bendi hizi huchangia karibu kila kitu. Hata drams zilikuwa seti moja, kila mpigaji akija na matoazi yake tu.

Bendi ya tatu ilikuwa na ujuzi zaidi na msisimko mdogo zaidi. Kilichonishika ni namna mwimbaji wake alivyosimulia kwa Kiluganda, polepole, akiacha gitaa moja limsindikize kabla ya wenzake kuingia kwa kishindo. Aliyekulia na kadongo kamu, mtindo ambao jina lake lenyewe humaanisha gitaa moja dogo, na aliyewahi kukaa kimya kumsikiliza hayati Paul Kafeero akisimulia, angetambua mara moja ujuzi huo umetoka wapi. Bahati mbaya walijua kuanza nyimbo kuliko kuzimaliza: kila wimbo uliishia katika kishindo kilekile, na kufikia wa tano nilikuwa natazama saa.

Kuhusu huduma nyingine sina mengi. Soda ni 4,000, bia zilikuwa baridi, muchomo, yaani nyama ya kuchoma, ulikuja umekauka, na roleksi, ile chapati inayoviringishwa na mayai, ya kijana aliye nje ya geti ni bora kuliko chochote kinachotoka katika jiko la ndani. Choo cha wanawake ni kimoja, na foleni yake ilipita mbele ya jukwaa, jambo ambalo halifai kwa waliosubiri wala kwa waliokuwa wakiimba. Mlinzi aliniaga kwa “Webale, ssebo,” yaani asante bwana, akaniitia boda anayemfahamu, nami nilifika nyumbani kabla ya saa saba.

Meneja aliniambia kwamba usiku kama huu utakuwapo kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na kwamba spika zitahamishiwa mbele. Nitarudi kuona kama zimehama. Atakayekwenda kabla yangu asimame upande wa kushoto, kando ya nguzo ya pili kutoka mlangoni, kwa sababu hapo ndipo sauti ya mwimbaji ilikuwa ikifika, na asisahau kubeba shilingi elfu tatu za noti ndogo kwa ajili ya yule kijana wa roleksi.