Mhandisi anayehamia hataza: uwakala au uwakili?

Nchini Marekani, mhandisi aliyechoka na michoro ana milango miwili ya kuingilia kazi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Wakala wa hataza hahitaji shahada ya sheria: shahada ya sayansi au uhandisi inatosha kumfikisha kwenye mtihani wa USPTO (ofisi ya hataza ya Marekani), wenye maswali 100 ya kuchagua yanayofanywa kwa saa sita. Wakili hufanya mtihani huohuo, ila juu yake kuna miaka mitatu ya chuo cha sheria na mtihani wa uwakili wa jimbo. Ada ya chuo hicho si ya mchezo.

Kazi ya kila siku, kusema kweli, inafanana mno. Wote wawili huandika madai ya hataza, yaani sentensi zinazoeleza mipaka ya kile kinacholindwa, na hapo ndipo mhandisi hupata taabu. Amezoea kuandika "skrubu nne za chuma". Mshindani akitumia tatu, au gundi, ameshaponyoka. Kwa hiyo anajifunza kuandika "kifungio kimoja au zaidi", jambo ambalo karakana ingemfokea.

Tofauti hujitokeza mambo yakienda mrama. Mteja akishtakiwa kwa kukiuka hataza, wakala hawezi kumtetea mahakamani, wala kumwandalia mkataba wa leseni kwa mtu mwingine. Wakili anaweza.

Mimi ningeanza na uwakala. Mwaka mmoja wa kubishana kwa maandishi na wakaguzi wa USPTO, wanaoamua kama hataza itolewe, utakuonyesha kama unaipenda kazi yenyewe, kabla hujakopa ada.