Uzoefu wangu na Kivy: kuunda skrini wakati programu inatumika

Kikoba chetu kina wanachama 32, na daftari la mweka hazina lilikuwa limechakaa kwa kufunguliwa kila Jumapili. Nikajitolea kumtengenezea programu kwa Kivy, maktaba ya lugha ya programu ya Python iliyoanza kutolewa mwaka 2011 na inayopatikana bure kwa leseni ya MIT. Nilitaka kila mwanachama awe na skrini yake: hisa, mkopo, marejesho. Watu huendelea kujiunga, kwa hiyo skrini hazikuweza kuandikwa zote mapema. Ilibidi programu iziunde yenyewe.

Kwa kazi hiyo Kivy imenifurahisha sana. ScreenManager, sehemu ya Kivy inayosimamia skrini, haijali kama skrini imetoka kwenye faili la kv (faili la kupangia mwonekano wa programu) au imeundwa sasa hivi. Unaunda Screen, unaipa name, unaiingiza kwa add_widget, kisha unaliweka jina hilo kwenye current, yaani skrini inayoonekana sasa. Basi. Skrini mpya inateleza na kuingia bila programu kuzimwa.

Kilichonitesa ni majina. Nilizipa skrini majina ya wanachama, nasi tuna Mwajuma wawili. Nikibonyeza Mwajuma wa pili, inafunguka ya yule wa kwanza! Kivy haikatai jina lililojirudia. Huandika onyo kwenye logi (kumbukumbu za programu) na kuchukua skrini ya kwanza inayolingana. Logi nani anaisoma programu ikiwa kwenye simu ya mweka hazina? Hizi ni pesa za watu, na marejesho ya mmoja yangeweza kuingia kwa mwenzake. Ningependa isimame kwa kosa, kama inavyofanya jina lisipokuwepo kabisa. Sasa natumia namba ya uanachama, na kabla ya kuunda skrini nauliza kwanza kwa has_screen kama jina hilo lipo tayari.

Jambo jingine lililonichukulia usiku mzima ni vitufe vya orodha. Niliviunda ndani ya kitanzi cha for, kila kimoja na lambda yake (kitendakazi kifupi kisicho na jina), na vyote vikawa vinamfungua mwanachama wa mwisho. Hapo Kivy haina lawama. Ni Python: lambda husoma kigeu pale kitufe kinapobonyezwa, na kitanzi kimeshafika mwisho zamani. Nilitumia partial ya functools, inayoshika thamani ya kigeu papo hapo, ikatulia.

Nilijaribu pia switch_to, maana inaongeza skrini na kuhamia humo kwa mara moja. Lakini huiondoa skrini unayotoka, kwa hiyo kurudi kwenye orodha kukaniletea kosa la ScreenManagerException. Nimeibakiza kwenye hatua za usajili tu, ambako harudi mtu nyuma.

Na takwimu zijazeni kwenye on_pre_enter, inayoitwa kabla skrini haijaingia, si on_enter. Hii ya pili huitwa skrini ikishamaliza kuingia, na mweka hazina alikuwa akiona salio la zamani kabla jipya halijatokea. Aliniuliza kwa wasiwasi kama malipo yamepotea.

Jumapili iliyopita tulimpokea mwanachama wa 33. Mweka hazina alijaza jina lake kikaoni, skrini ikafunguka hapohapo, akaandika hisa ya kwanza huku mwenyewe akitazama.