Nepi za kufua kwa joto na maji ya chumvi ya Mombasa: nimezitumia, haya ndo maoni yangu

Niwape jibu mapema manake najua mwenye mtoto wa mwaka na nusu hana nafasi ya kukaa kusoma. Mchana zafaa sana. Usiku hazifai. Na kama kwenu maji ni ya kununua kwa mtungi kila siku, kaa chini upige hesabu kabla hujatoa pesa yako. Sasa mwenye nafasi nimweleze kwa urefu, kwa sababu ukitafuta habari za hizi nepi kwenye simu utakuta nyingi zimeandikwa na watu wenye mashini ya kufulia na maji ya bomba usiku na mchana, na maisha yetu huku ni mengine kabisa.

Nazungumzia zile nepi za kisasa za vifungo, sio kile kitambaa cha mraba cha pini. Zina ganda la nje, kitambaa cha maua maua kwa juu na upande wa pili kimebandikwa plastiki nyembamba ili mkojo usipite, alafu kuna mfuko ambapo waingiza pedi ya kunyonya. Mbele kuna safu za vifungo, wapunguza na kuongeza kadri mtoto anavyonenepa, kwa hivyo nepi moja yaweza kumtoa mtoto tangu ana miezi michache mpaka aache nepi. Zangu nilizitoa duka moja la vitu vya watoto mjini, maeneo ya Biashara Street, shilingi 450 kila moja na pedi yake moja ndani, na pedi za ziada nikanunua kando. Za bei ya chini zipo ukitembea Kongowea na Marikiti, sizikatai, lakini kabla ya kulipa ivute ile lastiki ya pajani uiachie, ikijirudi polepole ama ikibaki imelegea achana nayo, hiyo itavuja tangu siku ya kwanza. Vifungo navyo vifunge na kuvifungua papo hapo dukani, muuzaji akikasirika akasirike.

Hesabu sasa. Daipa ya kutupa ukinunua moja moja duka la mtaani yenda shilingi 20 ama zaidi kulingana na saizi, mtoto akibadilishwa mara tano kwa siku hiyo ni 100, kwa mwezi 3,000, na hapo bado hajaharisha wala meno hayajaanza kutoka. Nepi 10 za kufua kwa ile bei yangu ni 4,500. Yaani pesa ya daipa ya mwezi mmoja na nusu. Ukiisikia hivyo wakimbilia dukani, mimi mwenyewe ndo ilinishawishi, na sijuti, lakini hesabu hiyo haina maji ndani yake.

Na maji ndo habari yenyewe. Maji ya kaunti yatoka mbali, Mzima Springs kule Tsavo West na Baricho kando ya mto Sabaki, na hayatoshi mji wote, wengi wetu bomba latoa maji siku mbili tatu za wiki, kuna mitaa hata hiyo ni bahati, siku zilizobaki ni kisima cha chumvi ama mwenye mkokoteni. Nepi ukiifua kwa maji ya kisima mwanzo mpaka mwisho sabuni haitoi povu vizuri, chumvi yabaki kwenye nyuzi, na jioni waanua pedi imekauka ngumu kama ng'onda. Sasa kitu kigumu hivyo ukakivishe paja la mtoto, kwa joto hili! Wallahi wamchubua. Mimi nafanya hivi: choo natoa kwanza msalani, nepi nasuuza pale pale kwa maji ya kisima ili harufu isikae, nazifua kwa kisima hicho hicho na sabuni kidogo tu, alafu suuza ya mwisho lazima iwe maji matamu. Hiyo ya mwisho usiibanie. Zikikauka nazisugua pedi kwa mikono miwili kabla ya kuzikunja, zalainika tena.

Nikijumlisha, kila siku natumia kama mitungi miwili ya lita 20 ya maji matamu kwa nepi peke yake. Mtungi ukiwa shilingi 20 hiyo ni 40 kwa siku, 1,200 kwa mwezi, na siku za shida ya maji mtungi wapanda na hakuna wa kumlalamikia. Tia sabuni. Tia daipa za usiku ambazo nitazieleza. Kwa hivyo nafuu yapatikana lakini sio ile ya kwenye matangazo, na ukiwa na tanki lako ama nyumba yenu ina maji ya bomba ya uhakika basi wewe wafaidi kuliko mimi, na mwenye kununua kila tone nafuu yenyewe ni ndogo mno, mimi singemlaumu akibaki na daipa zake.

Kukausha ndo raha ya kuishi Pwani. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba mpaka Machi, ganda lakauka kabla hujamaliza kupika na pedi za asubuhi waziona tayari alasiri. Pedi zianike juani kabisa, jua la hapa latoa hata madoa ya choo ambayo sabuni imeshindwa, ila maganda weka kivulini penye upepo manake jua kali laua lastiki na ile plastiki yaanza kupasuka. Usizichemshe maganda, usipige pasi. Lakini ikifika masika, hasa mwezi wa Mei, wee! Mvua yanyesha siku nzima, unyevu umejaa nyumbani, pedi za kitambaa cha mwanzi (bamboo) zalala kwa kamba siku mbili na bado ukishika waona baridi, na zikikaa hivyo zatoa harufu ya uvundo. Hapo mimi huhamia pedi za pamba nyembamba nyembamba, nazipanga mbili pamoja, kila moja yakauka peke yake haraka. Zile za mikrofaiba, kitambaa cha nyuzi laini za plastiki, ambazo hukuja na nepi nazo zakauka mbio, tena sana, ila zisiguse ngozi ya mtoto moja kwa moja, zanyonya mpaka unyevu wa ngozi, ziingize ndani ya mfuko.

Usitie kabisa zile softena za kunukia. Zaacha mafuta mafuta kwenye kitambaa na pedi yakataa kunyonya, mkojo watiririka juu yake kwenda mapajani. Krimu za upele zenye mafuta mazito hali ni hiyo hiyo, kama lazima umpake basi weka kijitambaa cha pamba ndani ya nepi, kati ya ngozi na nepi yenyewe.

Haya tuje kwa mtoto mwenyewe. Mwanangu ni wa kiume, anakimbia, hataki kulala chali hata kwa pipi, na kumbadilisha ilikuwa vita, yeye yuwageuka huku mimi nashika mguu mmoja wa pili uko kwenye choo. Na alishajua kubandua gundi ya daipa. Wageni wako sebuleni mara mwana apita hana kitu chini, daipa ameiburuta nyuma yake na ile gel ya ndani imemwagika kwenye zulia, hiyo gel ukiigusa na maji ndo yazidi kuvimba, kuisafisha ni kazi ya nusu saa. Vifungo hivi mpaka leo vimemshinda nguvu, avivuta avivuta aondoka zake. Kwangu hicho peke yake chatosha kuzipenda. Tena nambadilisha akiwa amesimama, ameshika kiti, natoa ile navisha hii, nafunga kushoto nafunga kulia, amemaliza kwenda.

Jambo ambalo sijaona mtu akiliandika ni la swala. Mkojo ni najisi, na mtoto wa umri huu kutwa yuko mapajani, ukisujudu akupanda mgongoni. Nepi ya kufua ikijaa haimwagi kwa mara moja, yaanza kutota pole pole kwenye lastiki ya paja na wewe hujui mpaka dera limelowa na wakati wa swala unaenda. Dawa yake niliipata kwa hiyo swala yenyewe, namvua kila nikisikia adhana: adhuhuri, alasiri, magharibi, na moja katikati ya asubuhi. Yapata kila saa tatu hivi, na kwa pedi moja nzuri hapo haijafika kuvuja. Nikiwa nimefuata hivyo sijui ni nini kubadilisha nguo ya swala.

Usiku ni kitu chengine. Mtoto bado yuwanyonya usiku, akojoa mpaka asubuhi, na hata ukitia pedi mbili nene waamka godoro limelowa na yeye amelowa mpaka shingoni, alafu zile pedi mbili zamfanya alale miguu panda, usingizi wenyewe haupati. Nimeamua usiku ni daipa moja ya kutupa na roho yangu imetulia. Vile vile safari. Kama navuka feri kwenda Likoni kwa jamaa, ama ni harusi ya kukesha, navisha daipa, sina nguvu ya kubeba nepi mbichi kwenye mkoba na foleni ile ya feri na jua lile.

Mavyaa, mama wa mume wangu, alilea watoto wake Kibokoni kwa winda la merikani na pini, na alipoziona hizi akazigeuza ndani nje akauliza hii plastiki ya nini, mtoto wa Mombasa yuwataka upepo. Nampa haki yake kabisa. Kwenye joto la Februari na Machi plastiki ni plastiki, iwe ya kufua ama ya kutupa, jasho lakosa pa kutokea na harara yamjaa mtoto kiunoni na mapajani. Mavyaa huyo amenifundisha nimwache wazi kila siku baada ya kuoga mchana, kwenye mkeka na leso kuukuu chini, akikojoa akojoe, nusu saa ama zaidi, alafu mafuta ya nazi kidogo. Tangu nifuate hivyo harara haikai. Na akija kwetu yeye ndo hupanga pedi kwenye kamba, mimi hata siruhusiwi, mashallah mama yule ana nguvu kuliko mimi.

Swali la kuulizana nyumbani kabla ya kununua ni nani atafua. Lisemeni waziwazi. Kwetu mchana ni mimi na jioni ni baba mtoto, akirudi kazini azipokea zile za alasiri azisuuza, na bila yeye ningeshazigawa zamani. Usimtwike dada wa kazi juu ya kazi zake zote ukadhani umeokoa pesa, hapo umemuongezea kazi bila kumuongezea mshahara. Na kama mtoto yuwaenda kulelewa nje uliza kwanza: mama mmoja anayelea watoto mtaani alikubali kwa mdomo lakini jioni mwanangu arudi na nepi ile ile niliyomvisha asubuhi, imejaa, matako yamekuwa mekundu, nililia mimi. Siku hizi akienda huko avaa daipa.

Faida moja sikuitarajia ni poti. Daipa yanyonya mpaka mtoto hajui amekojoa, hii ya kitambaa yeye asikia maji maji. Sijui kwa watoto wa wengine, wangu alianza kusimama ghafla katikati ya mchezo, atazama chini, aniambia susu. Mwanzo alikuwa asema akishamaliza, baadaye akawa asema kabla, sio kila mara, kuna siku asahau kabisa hasa akiwa na binamu zake, lakini mchana nyingi sasa nepi yatoka kavu na poti ina kitu ndani, na yeye mwenyewe apiga makofi. Ile furaha yake akiona amefanya, Mungu amjalie.

Kwa hivyo nazipa nyota nne kwa tano, hiyo moja nimetoa kwa usiku na kwa masika. Anayetaka kuanza asinunue dazeni. Chukua tatu tu, na pedi sita za pamba, jaribu nazo mchana ukiwa nyumbani, uone maji yenu, kamba yenu na paja la mtoto wako vyasemaje, wengine watoto wao wana mapaja membamba nepi hizi zaacha nafasi. Ukiona zakufaa ongeza, na ukiongeza ongeza pedi kabla ya maganda manake ganda lisilopata choo waweza kulipangusa ukabadilisha pedi tu ukaendelea nalo. Za rangi nyeupe msichukue.