Mazabodi mpya ya Commodore 64: ipi ununue

Una Commodore 64, ile kompyuta ya nyumbani ya 1982: kasha zima, kibodi inabofya vizuri, ila ukiwasha kioo ni cheusi. Usikimbilie kununua. Fungua skrubu tatu za chini uchungulie, maana kioo cheusi mara nyingi ni chipu ya PLA (inayoamua prosesa izungumze na memori ipi) au memori tu. Kama bodi imeliwa na kutu, hapo ndipo uchaguzi unaanza, na unategemea chipu zipi zimepona.

1. Ultimate 64. Hii ndiyo ningenunua bila kujiuliza mara mbili. Haihitaji chipu yoyote ya zamani: kompyuta yote ya 1982 imejengwa upya ndani ya chipu moja inayopangwa kwa programu. Inaingia kwenye kasha lilelile, inatoa picha kwa HDMI, inasoma diski kutoka flashi ya USB, na ukitaka inakimbia hadi MHz 48 badala ya ile moja ya asili. Mlango wa katriji upo, wa kaseti upo. Utamu wake ni soketi za SID, ile chipu ya sauti. Kama yako ingali hai, ipachike. Ila soma namba yake kwanza: 6581 inataka volti 12, 8580 inataka 9, na ukiipa 8580 volti 12 unaweza kuizika siku hiyohiyo.

2. C64 Reloaded MK2. Ya wanaotaka chipu halisi. Bodi ni mpya, lakini prosesa, VIC-II (chipu ya picha), SID na CIA mbili (chipu za kibodi na milango) unahamisha kutoka kwenye ya zamani. Zikiwa zimekufa, utazisaka mitumba, na hapo gharama hupaa.

3. SixtyClone. Bodi tupu, kazi ya kulehemu ni yako. Raha kwa fundi, adhabu kwa mwingine. Na tafadhali usiirudishie adapta ya umeme ya zamani: kidhibiti chake cha volti kikichoka, laini ya volti 5 hupanda na kuua memori.

4. Raspberry Pi na Keyrah. Kompyuta ndogo ya kisasa inayoiga C64, na kiunganishi cha kuchomeka kibodi ya zamani kwa USB. Rahisi, inacheza michezo, lakini katriji zako zitabaki pambo. Mimi siiiti mazabodi.

Kwa tatu za kwanza, plagi ya kibodi ina tundu moja lililozibwa makusudi ili usiichomeke kinyume. Ikikataa kuingia, igeuze, usiisukume.