Redio koli za kuita kundi na kuita wote: ununue ipi?

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza kilomita. Zile za kwenye boksi ni za kilima kwa kilima, bila ukuta wala mti katikati, hivyo usizihangaikie. Jiulize nani amsikie nani. Walinzi wakiongea, mafundi nao wasumbuliwe? Na moto ukizuka, utawafikiaje wote kwa mpigo?

Kwa kazi hiyo naiweka mbele dijitali ya DMR (kiwango cha redio za kidijitali kinachofuatwa na kampuni nyingi), daraja la pili, yaani la redio za kazini zenye leseni. Kila kundi lina namba yake, na redio hupokea makundi iliyopangiwa tu. Maongezi mengine ya chaneli hiyohiyo haiyatoi kwenye spika. Kwenye kioo unaona namba ya anayeongea, au jina lake kama limeingizwa. Chaneli ya kHz 12.5 hugawanywa nafasi mbili za muda zinazopokezana haraka, kwa hiyo makundi mawili huongea kwa wakati mmoja kupitia ripita moja (mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha upya). Aliyechelewa kuwasha redio yake huyakuta maongezi na kuyasikia kuanzia hapo.

Kuita wote kuna namba yake maalumu, 16777215. Wauzaji wengi hawakwambii kwamba wito huo hauvuki chaneli: aliye chaneli nyingine, au nafasi nyingine ya muda, hapati kitu. Tena ni wa kutangaza, si wa kujibizana, kwa hiyo uwekwe kwenye redio za wasimamizi peke yao. Ukichanganya redio za kampuni tofauti, wito wa kundi kwa kawaida hupita; ujumbe mfupi na usimbaji (kuficha maongezi) ndivyo hukwama.

Ya pili ni redio ya laini ya simu. Inafika popote penye mtandao, na msimamizi anamhamisha mtu kundi akiwa kwenye kompyuta yake. Madereva wa safari ndefu wachukue hii. Ila ina malipo ya kila mwezi, sauti huchelewa kidogo, na minara ikilemewa siku ya dharura, kundi zima linanyamaza.

Analogi yenye toni za CTCSS (mlio wa chini unaofungua spika za redio zenye toni ileile tu) ni ya tatu. Ni rahisi, na timu ndogo yenye kundi moja haihitaji zaidi. Lakini toni si siri: redio isiyowekewa toni inasikia kila kitu. Makundi mawili yenye toni tofauti kwenye masafa yaleyale hukanyagana, kila moja likidhani njia iko wazi.

TETRA, mfumo mkubwa wa redio za kidijitali, waachie polisi na viwanja vya ndege.

Kabla ya kulipa, omba redio tatu: mbili kundi moja, ya tatu kundi jingine, zote chaneli moja. Bonyeza, ongea, ya tatu inyamaze. Kisha ita wote, mbili nyingine zote zitoe sauti. Dai pia kebo na programu ya kupangia makundi, la sivyo utarudi dukani kila anapoajiriwa mtu. Leseni ya masafa iulizie mamlaka ya mawasiliano, si muuzaji.