Safari ya "historia ya utumwa" Kampala hadi ngome ya Patiko: mzee wa pale nyota tano, kampuni nyota mbili

Kwanza jina la kampuni siliweki hapa, wenyewe wakisoma watajijua, sitaki kugombana na mtu. Ila kila wikendi naona wanatangaza hii safari kwenye status za wasapu, "Historia ya Utumwa tangu Enzi za Kale mpaka Leo", siku mbili, Kampala mpaka Gulu kaskazini mwa Uganda, kisha Patiko, ile ngome ya zamani ya biashara ya watumwa, na kurudi, na watu wananiuliza wewe ulienda, inafaa ama haifai, nimechoka kurekodi voisi ileile mara kumi, acha niandike mara moja.

Bei ilikuwa shilingi 380,000 za Uganda kwa mtu. Wakasema vyote ndani, yaani usafiri, kulala Gulu usiku mmoja, chakula cha mchana na kiingilio. Tulikuwa tisa kwenye vani. Kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka saa mbili na nusu kwa sababu dereva alikuwa bado anatafuta tairi ya spea, na mimi nimetoka Bombo alfajiri kuja mjini kuwawahi wao, halafu hiyo vani ikanipitisha Bombo tena mbele ya duka letu, wangenichukua pale barabarani tu banange.

Ndani kuna kijana wa kampuni ana sauti ya redio kabisa, anasoma kwenye tableti, spika imefungwa juu ya vichwa vyetu, huwezi kulala. Mpango wao ni kwamba unasikiliza utumwa wote wa dunia barabarani ukifika Patiko umeshaiva. Hammurabi, yule mfalme wa Babeli, tulimmaliza kabla ya Luweero, ile sheria yake ya kwamba ukimficha mtumwa aliyetoroka unauawa. Tukasimama kununua mananasi, tukirudi garini Roma imeshaanguka. Kwa Firauni akasema piramidi zilijengwa na watumwa, nikamwambia taratibu kwamba waliochimba pale Giza walikuta kijiji cha wajenzi wenyewe, nyumba zao, mahali pa kuoka mikate yao, makaburi yao karibu kabisa na kaburi la mfalme, na mtumwa hazikwi hivyo. Akasema "asante madam" akaendelea na tableti yake.

Nikasubiri aguse wale Wazanji wa Iraki, watu weusi waliokuwa wanakwangua chumvi kwenye mabwawa karibu na Basra, wakaasi mwaka 869 wakapigana na khalifa miaka kumi na minne. Hakuwagusa. Utumwa wa ng'ambo ya Atlantiki ndio alikaa nao kutoka Nakasongola mpaka Karuma, na hapo sitamdanganya mtu, alijitahidi, hesabu ya watu karibu milioni 12.5 waliopakiwa melini na karibu milioni 2 hawakufika ni sawa, na lile la Waingereza mwaka 1833 kuwalipa wenye watumwa fidia ya pauni milioni 20 na watumwa wenyewe wasipate hata senti lilifanya gari zima linyamaze mpaka tukafika kwa wale nyani wa Karuma na watu wakaanza kupiga picha.

Kosa lake kubwa likaja hapohapo darajani. Akasema watu wa Patiko walishikwa wakapelekwa Marekani. Hapana! Waliotolewa upande huu walisukumwa kaskazini kufuata mto Nile, Khartoum, wengine mpaka Cairo, wakawa watumishi wa ndani, masuria, wengi wakafanywa askari. Muhammad Ali wa Misri alipoiteka Sudani kuanzia 1820 moja ya sababu ilikuwa ni hiyo, alitaka vijana weusi awavishe sare. Na upande wa kwetu huku kusini mambo yalikwenda njia nyingine, Buganda wakati wa wafalme Suna na Mutesa ilikuwa inatoa pembe za ndovu na watu, inapata bunduki na vitambaa kutoka kwa wafanyabiashara wa Unguja, kupitia Karagwe na Tabora. Hilo la Buganda halikuwa kwenye tableti na nilipolitaja mzee mmoja wa Kiganda nyuma yangu akakohoa, basi, kikohozi chake ndio ulikuwa mchango wake. Neno muddu, yaani mtumwa, lipo, bazaana, watumwa wa kike, wapo kwenye hadithi za lubiri, jumba la mfalme, kila mtu analijua, hakuna anayetaka kulikalia.

Halafu dada mmoja kiti cha mbele akauliza, sasa hao waliokuwa wanashika watu ni nani hasa? Kijana akajibu bila kusoma: "Waarabu na Wanubi." Mimi ni Mnubi. Nilikuwa na gurusa, mkate wetu wa Kinubi, kwenye mkoba, nimeifunga na kavera mbili za plastiki, nilitaka kuitoa niwagawie watu, nikaiacha palepale.

Gulu kulala ni sawa tu, kitanda safi, maji ya moto hakuna. Usiku tulienda kula malakwang, mboga chachu ya Kiacholi, kwa kalo, ugali wa ulezi, mahali karibu na stendi na hiyo hela nilitoa mfukoni kwangu, na ndicho kitu kizuri nilichokula safari nzima, ile uchachu wake na odii, rojo la ufuta na karanga, nzito juu, nilifuta sahani.

Asubuhi kama kilomita 30 za vumbi kaskazini mwa mji, unaona majabali yanasimama peke yake katikati ya majani, hapo ndio Patiko. Mlangoni tukaambiwa tulipe kiingilio. Kijana akapiga simu ofisini, akapiga tena, mwisho akasema kila mtu atoe halafu watarudisha kwa mobail mani. Tukatoa.

Sasa mzee anayewaongoza watu pale, mimi huyo ningemlipa ile 380,000 yote. Anaongea Kiacholi, Kiingereza na Kiswahili cha zamani cha jeshini, akaniona nimevaa hijabu akaanza na Kiswahili moja kwa moja. Hana tableti. Ana fimbo. Anakupitisha kwenye ufa wa majabali mawili ambapo watu wanapita mmoja mmoja, anakwambia simama hapo, geuka, unaona nyuma? Huoni. Basi ndivyo walivyokuwa wanawahesabu. Anakuonyesha handaki lililozunguka ngome, sasa limejaa udongo na nyasi, na vile vyumba vya mawe vya ghala, vifupi, unaingia umeinama. Kuna mahali kwenye mwamba anasema ndipo walipouawa wale wasioweza kutembea, na kuna madoa mekundu anasema ni damu. Mimi kwa macho yangu naona ni rangi ya jiwe, lakini zile alama za kukatwa ukizigusa na kidole zina kina, sikubishana naye.

Kilichonifurahisha ni kwamba hasemi "Waarabu". Anasema Kutoria. Hilo ndilo jina walilopewa na Waacholi, wenyeji wa huku, wale watu wa Khartoum waliofika miaka ya 1850 na 1860 wakitafuta pembe. Anaeleza biashara ilivyokuwa inazunguka, nilikuwa sijawahi kuielewa hivyo: hawakuja na vitu vingi vya kununulia, kwa hiyo wanavamia kijiji hiki wanachukua ng'ombe na watu, wale ng'ombe wanawapa kijiji kingine wapate pembe, na pembe nzito zinahitaji vichwa vya kuzibeba mpaka mtoni, basi unabebeshwa pembe na wewe mwenyewe ni bidhaa. Na kijiji kingine kinashirikiana nao ili adui yake ndiye avamiwe. Alisema hilo la mwisho bila kushusha sauti, na ni ukoo wake.

Halafu Baker. Kwenye kijitabu cha kampuni Samuel Baker, yule msafiri Mwingereza, ameitwa "mkombozi wa Patiko", picha ukurasa mzima. Mzee anacheka kidogo. Anauliza, nani alimtuma? Khedive Ismail, mtawala wa Misri, mwaka 1869, mshahara pauni 10,000 kwa mwaka. Na hao watumwa walikuwa wanaenda wapi? Misri. "Mwenye soko ndiye aliyemwajiri polisi," anasema. Ni kweli aliwapiga wale watu hapa Patiko 1872 na wengine wakafunguliwa, hilo hakuna anayelikataa, lakini miezi michache kabla alikuwa amepigana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na kuichoma Masindi moto, na ardhi yote alikuwa anaitangaza ni ya Misri. Yule kamanda wa wavamizi wa hapa, Wat-el-Mek, Baker alimkamata, akamsamehe, akampa kazi. Na Abu Su'ud aliyekuwa mkubwa wa biashara yote alikuja kupewa kazi na Gordon, Mwingereza aliyeshika nafasi ya Baker, mwaka 1874, kabla Gordon hajamchoka naye akamfukuza. Sura zilezile, kofia zimebadilishwa.

Na mkewe Baker, hili kijitabu hakina kabisa na mimi naona ndilo la kwanza kuandika! Florence. Waacholi walimwita Anyadwe, binti wa mwezi. Alipatikana na Baker mwaka 1859 kwenye mnada wa watumwa Vidin, Bulgaria ya leo, wakati huo chini ya Waturuki, msichana mzungu anauzwa. Huyo ndiye aliyetembea naye mpaka hapa kwenye majabali. Kijana wa kampuni akauliza "kweli?" akaanza kuandika kwenye simu, nikampenda kidogo hapo.

Tulipofika kwenye vyumba vya mawe dada wa kiti cha mbele akabaki ndani. Tukamsubiri. Alikuwa anapapasa ukuta, akaniuliza dada hapa kulikuwa na dirisha? Nikasema sijui. Akasema yeye alifanya kyeyo, vibarua vya ng'ambo, Ughaibuni miaka miwili, kadama, yaani mtumishi wa ndani, pasipoti iko kwa bosi, analala stoo ya jikoni ambayo haikuwa na dirisha, alikuwa anajua ni asubuhi kwa kusikia friji ya watu inafunguliwa. Akatoka akajifuta vumbi, akaenda kununua soda kwa watoto wa pale nje. Ile sehemu ya "mpaka leo" kampuni wameitangaza kwa herufi kubwa, na ndani ya kijitabu ni mistari minne, wametaja lile kadirio la watu milioni 50 duniani lililotolewa 2022 wakamaliza. Na aliyejua zaidi yao wote walikuwa wamemkalisha kiti cha mbele, wala hakuna aliyemuuliza kitu.

Mzee naye aliigusa hiyo "leo" bila kuombwa. Alisema wakati wa waasi wa Kony watu wa huku walikuwa kambini, na watoto walikuwa wanachukuliwa usiku. Akataja Aboke, Oktoba 1996, wasichana 139 kutoka bweni la shule, sista akawafuata porini akarudi na 109. Akataja Ongwen, kamanda wa Kony, aliyehukumiwa The Hague 2021 kifungo cha miaka 25, na utumwa ni moja ya makosa yake, halafu akaongeza naye alitekwa mtoto akienda shule. Akanyamaza hapo, akanyoosha fimbo kuonyesha handaki.

Mimi nikabaki na hilo. Kwa sababu kwetu Bombo tunaambiwa hivyohivyo: babu wa babu alichukuliwa mtoto mahali fulani upande wa Sudani ya Kusini ya leo, akapewa jina jipya, akapewa bunduki, akawa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri upande huu. Serikali hiyo ya Misri Waacholi wanaiita Jadiya, ndiyo iliyokaa kwenye hii ngome mpaka 1888. Lugard, yule ofisa Mwingereza, alipowakuta hao askari 1891 kule Kavalli karibu na Ziwa Albert akawaleta Uganda, ulikuwa msafara wa watu zaidi ya 8,000, wenye bunduki ni mamia tu, waliobaki ni wake, watoto, watumishi, na watumwa wa hao askari ambao wenyewe walishikwa. Kwa hiyo yule kijana aliposema "Wanubi" hakusema uongo. Alisema nusu, na kwa safari ya bei hiyo nusu haitoshi.

Tulipewa saa moja na dakika kumi tu pale, kwa sababu ya kuwahi chakula cha mchana ambacho kilikuwa chipsi baridi kwenye boksi. Kabla ya kutoka kuna daftari la wageni. Niliandika jina, kwenye "unatoka" nikaandika Bombo. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa kidole, akanitazama.

"Bombo? Ah. Jadiya mmerudi."

Akacheka mpaka akakohoa, akanishika mkono hakuuachia mpaka kwenye gari, ananiuliza kama Bombo bado wanasuka zile mikeka za rangi, kama nina watoto, kwa nini nimekonda. Nikampa ile gurusa. Akaivunja palepale, akampa kijana wa kampuni kipande, akaniuliza imewekwa nini ndani.

Kwa anayetaka kwenda: usipitie kwao. Panda basi la Gulu, lala, asubuhi chukua boda ya kwenda na kurudi mpatane kabisa na muda wa kukusubiri, angalau saa tatu, viatu vya kufunga, maji beba maana juu ya mwamba hakuna kivuli wala duka. Fika ukisema "kopango", salamu ya Kiacholi, kabla ya kutoa simu ya kupiga picha. Ukimkuta mzee mwenye fimbo muache aongee. Kampuni wameniandikia mara mbili wakiomba niwape nyota tano onlaini, kiingilio hawajarudisha.