Likizo na bwawa la kuogelea Mbeya na Iringa: kipi ulipie kwanza

Shule hufunga Juni na Desemba, na zikifunga tu, simu za mapokezi kwenye hoteli zenye bwawa huanza kuita. Shida ni kwamba Juni, mwezi ambao wazazi wengi wana hamu ya kuwatoa watoto nyumbani, ndio mwezi wa baridi yetu. Mbeya mjini ipo mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa kama 1,600, Njombe inakaribia 2,000. Mabwawa mengi huku hayapashwi moto, na maji yaliyolala nje usiku wa baridi hayachemki kwa sababu jua limetoka saa tatu. Mtoto anaingia kwa kelele. Dakika kumi baadaye yupo ukingoni kajifunga kitenge cha mama, midomo imebadilika rangi, anaulizia chipsi.

Ndiyo maana hapa sipangi hoteli kwa nyota zake wala kwa urefu wa mitelezo. Napanga kwa swali moja: kwa pesa unayotoa, mtoto atakaa majini muda gani bila kutetemeka? Tuseme umelipa kiingilio cha shilingi 10,000 na mtoto kakaa dakika ishirini. Umenunua saa ya maji kwa 30,000. Penye maji ya vuguvugu, 10,000 ileile inampa saa nne. Wenzetu wa nchi za baridi waliliona hili zamani: Great Wolf Lodge, hoteli za familia za Marekani zilizoanzia Wisconsin, ziliweka bustani yao ya michezo ya maji chini ya paa na kuyapasha maji moto mwaka mzima. Sisi paa hatuna, basi tununue jua.

Namba moja: tiketi ya siku, kuanzia Septemba hadi Desemba

Kwa familia nyingi hii ndiyo bora, na wala haihitaji kulala hotelini. Septemba hadi Novemba jua ni kali, mvua hazijashika, na maji ya bwawa dogo la watoto yanapata joto kufikia saa sita. Desemba maji bado ni mazuri ila mvua hupenda kunyesha mchana, kwa hiyo ingieni asubuhi. Radi ikisikika hata kwa mbali, watoto watoke majini, usisubiri matone.

Hoteli za mjini zina faida ya nauli ya bajaji tu. Zile za mashambani, kama Utengule kwenye kahawa upande wa Mbalizi, zina nafasi na mandhari, lakini piga simu kwanza uulize kama siku hiyo wanapokea wasiolala hapo. Na ukipiga, usiishie kwenye bei. Mazungumzo yenye faida huenda hivi:

“Dada habari za kazi, kiingilio cha bwawa ni kwa mkubwa na mtoto sawa?”

“Nzuri mama, karibu. Mtoto ni nusu, mdogo kabisa hatumtozi. Ila chakula cha nje hakiruhusiwi.”

“Sawa, na hicho kiingilio kinakatwa kwenye chakula?”

Swali hilo la mwisho ndilo lenye pesa. Baadhi ya hoteli hukurudishia kiingilio chote au sehemu yake kama chakula, zingine hukuuzia maji ya kuogelea peke yake halafu sahani ya chipsi kuku kwa bei ya kukomoa. Kiingilio kikubwa chenye chakula ndani kinaweza kuwa rahisi kuliko kidogo kisicho na kitu. Uliza pia kama bwawa la watoto limetengwa na la wakubwa, na kama linapata jua mchana. Bwawa lililofichwa nyuma ya ghorofa au chini ya miti mikubwa linapendeza kwenye picha, lakini kwa Mbeya ni friji.

Ukifika, kabla hujalipa, nenda ukingoni. Simama upande wa kina kirefu utazame chini: ule wavu wa kutolea maji sakafuni unauona vizuri? Kama hauonekani, ondokeni, kwa sababu hata mtoto aliyezama hataonekana. Kisha nusa. Wengi hudhani harufu kali ya dawa ndiyo usafi. Kinyume chake, harufu ile hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo, na bwawa linalotunzwa vizuri halinuki hivyo. Tazama kama kuna kamba inayotenga kina kifupi na kirefu, na kama yupo mtu ambaye kazi yake ni kuangalia majini, si kijana anayeuza soda huku akipita pita. Hata akiwepo, mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako. Yale maboya ya mikononi ni ya kuchezea, hayaokoi mtu.

Mavazi, kwa ufupi: nguo za kuogelea za mtumba zipo soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa bei ya kuelewana. Usimwingize mtoto na fulana ya pamba. Mabwawa mengi hayairuhusi, na ikilowa inamganda mwilini na kumwongezea baridi. Mdogo avae pempasi za kuogelea, na aliyeharisha abaki nyumbani. Kuna vijidudu vya kuharisha vinavyoishi siku kadhaa hata kwenye maji yenye klorini ya kutosha. Jua nalo lisiwadanganye. Kadiri unavyopanda juu ndivyo miale inavyoongezeka, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na ubaridi wa hewa unakuficha usihisi unavyoungua. Kwa mtoto mwenye ualbino, kofia, mikono mirefu na losheni ya jua ni lazima.

Namba mbili: Matema, wakati wowote likizo ikiangukia baridi

Hili si bwawa la hoteli, ni ufukwe wa Ziwa Nyasa, na nimeliweka juu ya hoteli nyingi kwa makusudi. Ukitoka Uyole ukapita Tukuyu kuteremka Kyela, unashuka zaidi ya mita 1,200. Kwa kushuka huko tu hewa inaongezeka joto nyuzi kama saba, na maji ya ziwa huwa ya vuguvugu hata Juni. Mchanga upo, nyumba za wageni zipo za kila mfuko, na ukifika Jumamosi unaweza kupita Lyulilo kwenye soko la vyungu vya Wakisi, ukarudi na chungu kwenye buti.

Lakini usiende kichwa kichwa. Miezi hiyo ya baridi upepo wa kusini huvuma na kuleta mawimbi, kwa hiyo ogeleeni asubuhi kukiwa shwari. Midomo ya mito ina mamba. Waulize wenyeji wapi pa kuogelea, na wakisema pale hapana, ni hapana. Kichocho nacho kipo ziwani, hasa penye majani na maji yaliyotuama. Chagueni mchanga mtupu, mjikaushe mara mtokapo, na baada ya wiki kadhaa watoto wapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya siku nyingi na inafanya kazi.

Namba tatu: michezo ya maji ya Dar

Mitelezo mirefu yenye kupinda, kelele zote ambazo watoto wameziona kwenye simu: hayo yapo pwani, na Kunduchi ndiyo inayojulikana zaidi. Maji ni ya joto, watoto hawatoki hadi jioni. Kwa kipimo changu cha saa za majini ingekuwa namba moja, kama si zile kilomita zaidi ya 800 kutoka Mbeya, mlima wa Kitonga na kona zake ukiwa njiani. Nauli za watu watano kwenda na kurudi zinameza kiingilio mara nyingi. Ilipie kama mna harusi au ndugu wa kumtembelea Dar. Kufunga safari kwa ajili ya mitelezo peke yake, hapana. Watu wa Iringa wana unafuu kidogo, ila si mkubwa.

Namba nne ni bwawa la kujaza upepo, la nyumbani. Msilicheke. Maji ya kina cha goti yakikaa juani uani hupata joto haraka kuliko bwawa lolote la hoteli, na wadogo wa chini ya miaka sita hawana habari na nyota. Mkimaliza, limwage siku hiyohiyo. Maji kidogo tu yanatosha kumzamisha mtoto anayetambaa.

Ya mwisho: chumba cha familia Juni au Julai kwa ajili ya bwawa

Mtalipia usiku mzima kitu ambacho mtakitumia kati ya saa sita na saa tisa mchana. Kama ni lazima, labda kuna sherehe au wageni, waulize wazi kama maji yanapashwa moto, na usiridhike na “hayana baridi sana”. Omba uyaguse kabla ya kulipa. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko, uuache humo kwa dakika moja nzima.